Visiwani kuna sherehe za tiketi na sherehe za mwenyeji. Tupange mwaka, wadau

Mzururaji wa Pwani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Februari ikikaribia zinaibuka nyuzi zilezile: tiketi ya Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Unguja, shilingi ngapi, gesti ya bei poa iko wapi, boti ya saa ngapi. Hakuna ubaya. Kinachonikera ni mtu kuvuka bahari, kushinda Mji Mkongwe kati ya kitanda na steji, halafu akirudi bara anatuhadithia kwamba Zanzibar anaijua.

Mimi visiwa vyetu navifuata kwa ajili ya sherehe. Fukwe nimewaachia wengine. Baada ya kuzunguka Unguja, Pemba na Lamu nimeishia kuzigawa sherehe zote mafungu mawili: za tiketi na za mwenyeji. Ya tiketi ukiwa na pesa umeingia, mjadala umekwisha. Ya mwenyeji haina mlango wala risiti, na bado ndiyo ngumu kuipata, kwa sababu usipokuwa na mtu wa kukwambia simama hapa, sasa kaa, sasa kula, utashinda juani unatazama visogo vya watu.

Za tiketi kwanza, nizimalize.

Sauti za Busara ilianza 2004. Makao yake ni Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu wa Omani inayotazamana na Forodhani. Sharti lao kubwa ni muziki upigwe na watu. Ukija na wimbo uliorekodiwa ukaufungulia kwenye spika huku unarukaruka, hupandi. Ndiyo maana pale unasikia taarab yenye fidla na ganuni zinazopigwa mbele ya macho yako, na baada ya muda mfupi bendi ya Afrika Magharibi au kikundi cha ngoma kutoka bara. Mwimbaji wetu marehemu Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alikuwa mtu wa pale, na aliyewahi kumwona jukwaani na ngoma yake hahitaji kuelezwa. Ila msilichukulie tamasha hili kama mwembe wa nyuma ya nyumba, kwamba msimu ukifika lazima utazaa. 2016 halikufanyika, fedha zilikosekana.

Sasa, kinachonipeleka mimi Busara ni gwaride la ufunguzi, na lile ni bure. Alasiri ya siku ya kwanza msafara unapita mitaani kuelekea Forodhani. Usiusubiri Forodhani, pale simu za watu zimeshajaa mbele yako. Jipange mahali njia inapobana. Mwanzo hutaona kitu, utasikia tu ngoma kubwa ya beni, ile bendi ya mitaani, inakugonga kifuani. Kisha tarumbeta. Wapulizaji wengine ni watu wazima, mashavu yamevimba, jasho linawatiririka hadi kwenye kola ya shati la sare, na mbele yao kina mama waliojifunga vibwebwe wanakwenda kinyumenyume wakicheza ili wasiwape kisogo wapigaji. Nyuma wanasarakasi. Juu ya wote ngongoti, mchezaji anayetembea juu ya miti mirefu, anachungulia watu kwenye balkoni zao za ghorofani, mtoto akimnyooshea mkono anaupokea. Hapo hakuna anayekuuliza tiketi.

ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi, lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Kama filamu si ugonjwa wako usijilazimishe. Lakini kutazama filamu usiku ndani ya ngome isiyo na paa, upepo wa kusi unakupepea, kuna raha yake.

Za mwenyeji sasa. Naanza na Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi wa kijiji cha Makunduchi, kusini mwa Unguja, Julai, halafu Maulidi ya Lamu. Nina ya kusema juu ya zote mbili, lakini najua humu wapo watu wa Makunduchi na watu wa Amu, yaani Lamu, na sitaki kuwasemea. Waje wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Sindano Butu

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Kontena la Mawe

Mkuu, la gwaride umesema kweli tupu. Lakini ongeza na maumivu. Mimi nilishika chumba kwa simu wiki kadhaa kabla, nafika na begi naambiwa chumba kapewa mgeni mwingine aliyeongeza dau. Nikaishia kulala kwa jamaa wa jamaa. Wiki ya Busara watu wanabadilika.

Mzururaji wa Pwani

Pole mkuu. Tuma malipo ya awali na ung'ang'anie risiti, hata ya maandishi ya simu. Na si lazima ulale Mji Mkongwe. Ukipata chumba Kikwajuni au Michenzani unarudi kwa miguu usiku, tena ukiwa na wenzako njia nzima mnaimba. Jingine: bei ya tiketi kwa raia iko chini sana kuliko ya mgeni wa nje, kwa hiyo usisahau kitambulisho nyumbani. Nimeona watu wazima wanagombana na kijana wa mlangoni kana kwamba yeye ndiye aliyepanga bei.

Bint Makunduchi

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa kusoma na kupita, leo nimeitwa kwa jina la kijiji changu.

Mwaka Kogwa si tamasha. Tamasha lina mwenye nalo. Mwaka unaingia mkitaka msitake, na kijiji kinautoa ule wa zamani. Miaka hii wakubwa wanakuja, panawekwa viti, maturubai na kipaza sauti, ndiyo maana mgeni anadhani ni shughuli ya serikali. Hotuba zikiwa ndefu hata sisi tunachoka.

Uwanja wenyewe unaitwa Kae Kuu. Kijiji kina upande wa kaskazini na upande wa kusini, na wanaume wa pande hizo ndio wanaokabiliana. Zamani kwa fimbo, siku hizi kwa migomba. Msidhani ni maigizo. Mgomba mbichi umejaa maji, ukikupata ubavuni unachanika, nyuzi zinabaki zimening'inia kwenye fulana, na utomvu wake ukikauka nguo haitakati tena. Mdogo wangu ana fulana ya mwaka, ina madoa meusi ya kila Julai, na haivai siku nyingine. Mwenye kinyongo na mwenzake anamtafuta huyohuyo katikati ya vumbi, kila mtu kijijini anajua wanatafutana, na wazee wanaangalia yasizidi. Wakishapigana yamekwisha. Ukiubeba ugomvi ukauingiza mwaka mpya, mbaya ni wewe.

Wanawake hatupigani. Tunavaa. Na nikisema tunavaa ni kwamba fundi cherehani wa kijiji halali wiki nzima. Tunazunguka uwanja kwa makundi tunaimba, na nyimbo nyingine siwezi kuziandika humu, wasimamizi watanifungia. Siku hiyo ulimi umefunguliwa. Mke anamsema mume, shemeji anamsema shemeji, na anayesemwa yupo pale anasikia na haruhusiwi kununa. Mgeni asiyejua Kiswahili anatabasamu anapiga makofi, masikini, hajui kilichotajwa.

Kisha kibanda. Kinajengwa cha makuti hapohapo uwanjani, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, naye anachoropoka na kukimbia. Makuti makavu hayangoji mtu. Anayeona mara ya kwanza hushika kichwa. Wapo wanaotazama moshi umeelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje, na wapo wanaotazama tu kwa sababu moto unatazamika.

Halafu kila mtu kwao, kula. Nyumba isiyo na mgeni siku ya mwaka inajiona imepungukiwa, wengine wanasema ni mkosi kabisa. Kwa hiyo kaka mleta uzi, ukisema sherehe ya mwenyeji ni ngumu kuipata, kwetu sikubaliani nawe. Simama karibu na kina mama wakubwa, toa shikamoo, sema umetoka wapi. Utaitwa tu.

Mzururaji wa Pwani

Dada, hapo umenisaidia badala ya kunipinga. Huyo mama anayeniita ndiye tiketi yenyewe. Nimeona watalii wanashushwa na gari la hoteli, wanasimama mstari mmoja nyuma ya kamera, kibanda kikishaungua wanapakiwa wanaondoka. Shikamoo hawakuitoa, wali hawakuuona.

Bint Makunduchi

Hao tunawaonea huruma. Wanaondoshwa pilau likiwa bado jikoni.

Abu Twalha

Ndugu zangu tusipambe kila kitu kwa jina la utamaduni. Moto, moshi wa kutabiria mwaka, mwaka wenyewe wa Kishirazi, haya ni mabaki ya Wamajusi, waabudu moto. Muislamu ana Idi mbili. Nimesema kwa wema.

Bint Makunduchi

Shekhe wangu, maneno hayo nayasikia tangu nikiwa mdogo, na wanaoyasema kwa nguvu zaidi ni watu wa kwetu. Nina ndugu hawakanyagi uwanjani. Jioni tunakula nao sinia moja na hakuna anayemuuliza mwenzake alikuwa wapi. Wewe ukija utakaa na hao, karibu sana.

Abu Twalha

Hapo kwenye sinia sina hoja.

Mwalimu wa Jioni

Naona watu wanauliza tarehe kama vile visiwani kuna kalenda moja. Zipo tatu, na zote zinatembea kwa pamoja. Ukizichanganya utanunua nauli ya bure.

Ya kwanza ni hii ya ukutani. Hiyo ndiyo ya Busara, ya ZIFF na ya Mapinduzi, Januari 12.

Ya pili ni ya Hijria, inayofuata mwezi mwandamo, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Idi na Maulidi zipo humo. Maulidi ya Lamu husomwa Rabiul Awwal, ule tunaouita Mfungo Sita, na kilele chake ni mwishomwisho wa mwezi. Mwaka 2026 mwezi huo unaangukia Agosti na Septemba. Ukijipangia "mwezi kama ule wa mwaka jana" utakuta mji umeshafagiliwa. Na hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa Busara waliangalie: Ramadhani nayo inarudi nyuma, na sasa imeingia Februari. 2026 ilianza wiki ya tatu ya Februari, 2027 inategemewa kuanza mapema zaidi ndani ya mwezi huohuo. Ramadhani Unguja mchana hakuna mgahawa wa kula hadharani, wala huwezi kutegemea tarumbeta barabarani. Soma tarehe zilizotangazwa kabla ya kulipa chochote.

Ya tatu ndiyo tamu, ya Nairuzi, ndiyo hiyo ya Mwaka Kogwa. Mwaka wake una siku 365 kamili, zinahesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Wavuvi na wakulima wa pwani waliutumia kujua upepo unageuka lini na mbegu ziingie ardhini lini, kwa sababu kalenda ya mwezi mwandamo haikai na mvua. Lakini mwaka huo hauna siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo unateleza polepole. Karne ya 19 Nairuzi iliangukia Agosti. Leo ipo kwenye Julai 23 au 24 hivi. Vitukuu vyetu, kama hesabu haitaguswa, wataoga mwaka Juni.

Sindano Butu

Mwalimu, hii ya Nairuzi ungenifundisha wewe shule nisingetoroka kipindi.

Mwana wa Amu

Nimeitwa, nimekuja.

Kwanza naomba jambo moja: mtu akisimulia Maulidi ya Amu asianze na punda. Kila picha punda, kila gazeti punda. Punda ni pumbao la mchana.

Maulidi ni ya Riyadha, msikiti ulioko Langoni. Mwasisi wake, Habib Saleh, alikuja Amu kutoka Ngazija, akasomesha kila aliyekuja kusoma, pamoja na wale ambao wenye nasaba zao wakati ule hawakutaka kukaa nao chuo kimoja. Alifariki 1935 na mji haujamsahau. Matari yanapigwa msikitini, jambo lililozusha maneno mengi zama hizo, na mpaka leo wapo wasiolipenda. Usiku ule mkubwa uwanja wa mbele ya msikiti unajaa mpaka vichochoroni. Safu za wanaume wa kanzu nyeupe na kofia za vito, mabega yamegusana, wanayumba upande mmoja kisha upande wa pili kwa mdundo mmoja, na kasida ikipanda hata aliyesimama juu ya baraza anajikuta anayumba. Kina mama wako sehemu zao na juu ya madari. Wageni wanatoka Mombasa, Tanga, Unguja, Ngazija, na wengi wao hawalali gesti. Wanalala majumbani, mikeka imetandikwa hadi ukumbini. Kwa hiyo mleta uzi hapa nakuunga mkono. Ukija bila mwenyeji utapata kitanda kwa bahati.

Baada ya usiku huo kuna ziara makaburini kwa Habib, kisha zefe. Watu wa vyuo mbalimbali, kila chuo na matari yake na bendera zake, wanashuka kwa msafara hadi barabara ya pwani. Watoto wadogo ndio wanaonifurahisha, kanzu zimewazidi urefu, wanazishika kwa mkono mmoja na tari kwa mkono wa pili.

Haya, punda sasa, msije mkasema nimewanyima. Mbio zinapita hiyohiyo barabara ya pwani: upande mmoja bahari, upande mwingine ukuta wa majumba, katikati umati ambao haukubali kurudi nyuma. Hakuna tandiko. Anayepanda ni kijana mwepesi, amekaa nyuma karibu na mkia, na anamuelekeza punda kwa visigino na kwa kelele. Kuna punda anaongoza kutoka mwanzo, anafika mbele ya watu wake, anasimama. Hapigwi wala habembelezwi, amesimama. Wenziwe wanampita mmoja mmoja na mpandaji anabaki juu anatazama bahari. Ushindi wa mbio hizi kijana atausema mwaka mzima, na akimaliza mkiani hatasema kitu.

Mimi mwenyewe nafuata mashua. Simama pwani chombo kinapogeuka. Mashua yetu ina tanga moja la pembe tatu, na kikibisha upepo lazima foromali, ile boriti inayobeba tanga, ipitishwe mbele ya mlingoti, tanga lote lihamie upande wa pili. Wakati huo huo vijana waliokuwa wamekalia ubao uliotokezwa nje ya ubavu, ambao uzito wao ndio unaozuia chombo kisilale, wanatakiwa waingie, wauvute ubao, wautokeze ng'ambo ya pili na waukalie tena. Nahodha anatukana kila aliyezaliwa. Wakikosana kwa pumzi moja tu, chombo kinasita, tanga linapigapiga, na wa nyuma yao amewapita.

Kuja Amu: kwa barabara unafika Mokowe unavuka kwa boti, kwa ndege unashuka Manda unavuka pia. Mjini utatembea kwa miguu, na punda ana haki ya njia.

Dada wa Mikumi

Mwana wa Amu, mwanamke asiye Muislamu anaruhusiwa kuja? Sitaki kuja kuwa kituko.

Mwana wa Amu

Karibu, hakuna geti. Vaa nguo ndefu iliyokupwaya, mtandio kichwani unapokuwa karibu na msikiti, na ukae walipo kina mama. Usipenye kwenye safu za wanaume kutafuta picha. Ukishakaa na kina mama utapewa kahawa, kaimati na maswali kuhusu ndoa, kwa mpangilio huo. Kama unaona Maulidi ni mazito kwako, Novemba kuna Tamasha la Utamaduni la Lamu, lenyewe limewekwa kwa ajili ya kutazamwa: punda, mashua, kuogelea, bao, hina, mashairi, kirumbizi. Kwenye kirumbizi vijana wawili wanaingia ulingoni na fimbo, zumari linalia, wanachezeana kwa hesabu mpaka mmoja aguswe. Mtu mwenye siku chache na asiye na mwenyeji namwelekeza huko.

Mpemba Mkavu

Nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Unguja, Unguja, Amu, Unguja. Mleta uzi anasema kafika Pemba, kafika Pemba kufanya nini, kununua karafuu?

Mzururaji wa Pwani

Mkuu, nilikuwa nakusubiri. Tuambie mchezo wa ng'ombe.

Mpemba Mkavu

Mchezo wa ng'ombe ni wetu na hauna tovuti. Wanasema tuliachiwa na Wareno waliotawala pwani hii karne ya 16 na 17. Walipoondoka sisi tukaupunguza ukatili: ng'ombe hauawi, hachomwi mkuki, mwisho wa mchezo anarudishwa kwa mwenyewe na kula majani. Anafungwa kamba ndefu, mchezaji anamchokoza kwa kitambaa, anamkwepa, wanawake wanaimba na vumbi linafanya kazi yake. Watu wako juu ya miti ya pembeni, na ng'ombe akielekea mti fulani utaona mti ule unavyopandika. Mchezaji hodari hakimbii, anapinda kiuno tu pembe zikapita. Anayekimbia anaimbiwa papo hapo, kwa jina.

Habari zake zinapita kwa mdomo. Ukiwa Chake au Wete waulize vijana wa bodaboda wiki hiyo, watakwambia kijiji gani. Hapo ndipo hoja ya mwenyeji ilipo kweli kweli.

Kontena la Mawe

"Mti unavyopandika" imeniua.

Mtoto wa Kibokoni

Jamani Mombasa nayo ni kisiwa, mnatusahau kwa sababu tuna daraja?

Mpemba Mkavu

Ndiyo.

Mama Wawili

Samahani, niulize la kifamilia. Nina watoto wa shule ya msingi. Hizi zote mlizotaja ni za usiku wa manane, moto, migomba na ng'ombe. Hakuna ya kuwapeleka watoto?

Mzururaji wa Pwani

Mama, nenda Unguja wakati wa Idi. Wengi wanaikimbia wakidhani kila kitu kimefungwa. Asubuhi ni kimya kweli, watu wako kwao. Kuanzia alasiri, siku nne mfululizo, viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo ni vya watoto. Nguo mpya zote kwa pamoja, kina binti wadogo na hina hadi viwiko, kina baba wamesimama pembeni wanatoa shilingi wakilalamika. Bembea, ubwabwa wa bakuli, miwani ya plastiki, filimbi zitakazokufanya ujute baadaye. Wape wako pesa zao mkononi, mtoto asiyenunua mwenyewe hajaila Idi.

Mwalimu wa Jioni

Na Mapinduzi, kama shule hazijafunguliwa. Usiku wa kuamkia Januari 12 kuna fashifashi, yaani fataki za angani, kesho yake gwaride la vikosi na maandamano ya wananchi, mara nyingi uwanja wa Amaan, miaka mingine Gombani kule Pemba. Siku hizohizo Kombe la Mapinduzi linachezwa, timu za bara zinavuka. Gwaride lenyewe nikiwa mkweli ni refu, jua la kaskazi linauma, na nafasi nzuri zinashikwa alfajiri. Watoto watapenda fashifashi, hotuba wataichukia.

Mama Wawili

Nimechagua Idi. Asanteni.

Dada wa Mikumi

Swali la mwisho kwa Bint Makunduchi. Nikiitwa nyumbani kwa mtu nikala, natoa chochote? Kwetu kula bure kwa mtu usiyemjua ni aibu.

Bint Makunduchi

Pesa usitoe, hasa mbele ya chakula, utamwaibisha mwenye nyumba. Kama roho haitulii, njoo na mfuko wa sukari au wa mchele na ukabidhi mlangoni unapoingia, umpe mwanamke mkubwa uliyemkuta, bila maneno mengi. Usisubiri ushibe ndipo utoe. Na jua kwamba hutaondokea nyumba moja. Jirani atakuja kukudai, atasema huyu mgeni wenu tuazimeni, na kule nako kuna sahani. Kwa hiyo ya kwanza kula nusu.

Dada wa Mikumi

Na gari kutoka mjini?

Bint Makunduchi

Daladala za namba 310. Njoo asubuhi mapema, maana siku hiyo zinajaa kabla hazijatoka stendi. Kurudi jioni ni tabu tupu, watu wananing'inia. Lala tu.